Mkaa, LUKU ya pamoja na Serikali: nianzie wapi?

Swali

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Tumepanga vyumba viwili Tabata Kimanga, nyumba moja na wapangaji wengine wanne, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla). Tangu masika yaliyopita, maji yalipoingia hadi barazani, nimeamua kuishi kwa kujali mazingira: nabeba kikapu sokoni, nimeacha maji ya chupa, nazima taa. Lakini napika kwa mkaa, unanimalizia kama Sh 2,000 kwa siku, na taka tunachoma uani kwa sababu gari la taka linakuja likijisikia. Mume wangu ananicheka. Anasema mabadiliko ya tabianchi wameyaleta wenye viwanda huko Ulaya na Marekani, na kama kuna la kufanya basi ni la Serikali. Je, yuko sahihi? Nifanye nini chenye maana, na hiyo Serikali tuidai nini hasa? Na nikipanda mti uani inasaidia?"

Jibu

Dada yangu, mwambie shemeji amesema kweli nusu. Gesi zinazoipasha dunia joto zimetoka kwa sehemu kubwa kwenye viwanda, magari na mitambo ya umeme ya nchi zilizotangulia kutajirika, na mchango wa Tanzania katika jumla ya dunia haufiki asilimia 1. Kwa hiyo asitokee mtu, wa semina wala wa redioni, akakufanya ujione mkosaji kwa kuwa umewasha jiko uwapikie wanao. Alipokosea ni pale anapoizungumzia Serikali kana kwamba iko Dodoma tu na jikoni kwako haijafika. Imefika zamani. Ipo kwenye bei ya uniti ya umeme, ipo kwenye mtaro wa Kimanga, ipo kwenye moto unaopikia uji wa shule. Nitaanzia jikoni kwa sababu ndiko kwenye uzito, halafu tutafika kwa wakubwa.

Hayo unayoyafanya tayari endelea nayo, ila usiyatarajie makubwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na faida yake ni mitaroni na kwa mifugo, si kwenye joto la dunia. Kuzima taa hivyo hivyo: taa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku haimalizi uniti mbili kwa mwezi mzima. Na maji ya kuchemsha badala ya chupa ni jambo jema, lakini kama unayachemsha juu ya mkaa, tumerudi kwenye mkaa.

Basi tuuzungumze mkaa. Sensa ya 2022 ilituhesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba nchi nzima inachoma kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake inaungulia katika jiji hili. Magunia yanatoka Kisarawe, Mkuranga, Rufiji, Kilwa, Handeni, Morogoro, mengine kwa lori la usiku, mengine yamefungwa nyuma ya pikipiki. Ila moshi unaouona kwako ni mkia tu wa safari. Mchoma mkaa anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anayawasha na kuyaacha yaungue taratibu kwa hewa kidogo, siku kadhaa. Kwa tanuri hilo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hutaka kilo 6 hadi 10 za mti. Zilizobaki zimekwenda na moshi, na moshi ule una methani ndani yake, gesi inayopasha joto kuliko hewa ukaa ya kawaida kwa mbali. Kwa maneno mengine, kabla hujapuliza jiko lako, uharibifu mwingi umeshafanyika porini na wewe umeulipia.

Kuna na suala la maji. Tunakunywa Ruvu sisi. Oktoba na Novemba 2022 mto ulipopungua, DAWASA wakatangaza mgao na dumu la maji likageuka bidhaa ya kugombaniwa. Ukame ndio uliosababisha, sisemi mkaa. Lakini ardhi iliyovuliwa miti haishiki mvua: ikinyesha, maji yanakimbia yote kwa siku moja na udongo wake, ikikatika hakuna kilichobaki cha kulisha mto. Mafuriko na ukame vinaweza kulikuta bonde lile lile katika mwaka mmoja.

Sasa hesabu yako. Sh 2,000 kwa siku ni Sh 60,000 kwa mwezi. Watu wengi mjini wanaamini umeme ni wa kuwashia taa na televisheni, na anayeupikia ni tajiri au hajielewi. Imani hiyo ilitokana na majiko ya koili, yale ya bati yenye waya unaowaka mwekundu, ambayo kweli yanakula. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine. Nachukulia maharage, kwa sababu maharage ndiyo yanayommaliza mtu wa mkaa: umeyaloweka tangu jana usiku, umeyaweka na maji, umefunga mfuniko, umebonyeza. Jiko la wati 1,000 linavuta umeme kwa nguvu mpaka presha ipande, halafu linakata na kuwaka kidogo kidogo kujishikilia. Maharage yanaiva chini ya saa moja na umeme uliotumika haufiki nusu uniti. Ukiweka kodi na tozo, uniti ya mtumiaji wa kawaida inafika kama Sh 356. Chungu kizima cha maharage kimekugharimu chini ya Sh 200, na hukukaa kupepea.

Si kila pishi linaingia humo. Ugali wa watu sita unataka sufuria pana na mwiko wenye nafasi, chapati zinataka kikaango, na samaki wa kukaanga usijaribu kabisa kwenye presha. Hapo ndipo penye gesi au jiko la kawaida la umeme. Na tahadhari moja kwa wanaoshawishika na yale majiko bapa ya kioo, ya induksheni: sufuria zetu za alumini hayazitambui. Utafika nyumbani na jiko jipya, uweke sufuria, jiko lilie tu. Yanataka chuma kinachoshika sumaku, kwa hiyo ongeza bei ya sufuria kwenye hesabu.

Kwa familia kama yako, ukichanganya presha na jiko dogo, uniti 2 hadi 3 kwa siku zinatosha. Hiyo ni Sh 700 hadi Sh 1,070 kwa siku, au Sh 21,000 hadi Sh 32,000 kwa mwezi. Ulinganishe na 60,000 yako, kisha kaulizie bei ya jiko Kariakoo. Utajua mwenyewe litajilipa baada ya miezi mingapi. Na umeme wenyewe umebadilika. Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na kinachobaki kwa sehemu kubwa kinatoka gesi asilia ya kwetu. Ukipika kwa LUKU leo, moto wako kwa sehemu kubwa ni maji ya Rufiji.

Najua unachofikiria hapo: LUKU yetu ni moja. Hilo ndilo tatizo la kweli, na kwenye semina za nishati safi silisikii likitajwa sana, labda kwa sababu wanaoziandaa hawajakaa nyumba ya kupanga siku za karibuni. Mama mmoja akionekana anapika kwa umeme, jioni kuna kikao cha koridoni: "Fulani anatumalizia umeme." Mwenye nyumba naye kapiga marufuku jiko la umeme, pasi mara moja kwa wiki. Wote wanapika kwa mkaa kwa sababu mkaa hauna ugomvi, kila mtu na kopo lake.

Na suala hilo la LUKU moja lina ubaya mwingine ambao wapangaji wengi hawaujui. TANESCO wana bei ya unafuu kwa watumiaji wadogo: Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha hapo, kila uniti ya ziada inaruka hadi Sh 350, nayo kabla ya kodi. Nia ilikuwa kumsaidia mtu wa kipato cha chini. Lakini unafuu unahesabiwa kwa mita, hauhesabiwi kwa kaya. Kaya tano zenye uniti 30 kila moja ni uniti 150 kwenye mita moja, kwa hiyo nyie watano mnahesabiwa kama mtumiaji mkubwa, wakati mzee wa mtaa wa pili anayeishi peke yake kwenye nyumba yake na mita yake anapata bei ya mnyonge. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Lakini ukiniuliza Serikali idaiwe nini kwanza, kabla ya makongamano, ningeanza na hilo: bei ya unafuu imfuate mpangaji, au mita ya mpangaji iwe rahisi kupatikana bila kusubiri huruma ya mwenye nyumba.

Wakati tunasubiri, fundi umeme anaweza kuwafungia mita ndogo za ndani, kila kaya ikaonekana imetumia ngapi, mkachangia LUKU kwa haki. Kabla ya hapo fanya jambo moja rahisi. Siku ya maharage, waombe wenzako wote wasiwashe kitu kizito kwa saa moja. Soma mita kabla ya kuwasha jiko, isome tena yakiiva, mbele yao. Takwimu zangu hawatazijali, za mita yao wataziamini. Halafu mwambie fundi aiangalie soketi na waya wa chumba chako. Nyumba nyingi za zamani Tabata zilifungwa nyaya za taa na redio, na jiko halipaswi kuchomekwa kwenye ile waya ya kuongezea ya bei chee inayolainika ikipata moto. Nyumba zimeungua kwa hilo.

Gesi ya mtungi nitaipitia haraka. Nayo ni zao la mafuta na gesi ya ardhini, inakuja kwa meli, na bei yake inapanda na kushuka kwa mambo ya nchi za watu. Hata hivyo, ukihesabu na mti uliopotelea tanurini, gesi ina nafuu kubwa kuliko mkaa, na moshi wake jikoni ni mdogo sana. Familia ya watu sita ikitegemea gesi peke yake, mtungi wa kilo 15 ni kama wa mwezi. Ikisaidiana na presha ya umeme, unakwenda mbali. REA, Wakala wa Nishati Vijijini, wamekuwa wakiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, ila walengwa wakuu ni vijijini na pembezoni; kama una ndugu huko, mwambie. Gesi asilia ya bomba iko kwenye nyumba chache za Mikocheni, Sinza na Mlalakuwa, na Kimanga usiisubirie mlo wa kesho.

Na "mkaa mbadala"? Uliza umetengenezwa kwa nini. Ule wa vifuu, pumba au makapi ya mkaa ni sawa. Ule unaotengenezwa na STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, unatokana na makaa ya mawe. Unaokoa mti, hilo ni kweli, na Serikali inaupigia debe kwa sababu hiyo, lakini kwa upande wa tabianchi makaa ya mawe ndiyo tunayowalaumu wenzetu wa Ulaya kwa kuyachoma miaka 200. Siuiti nishati safi. Kama kwa sasa huna njia ila mkaa, basi nunua jiko banifu la udongo, loweka maharage, funika sufuria, na usiingize jiko linalowaka chumbani usiku wa mvua madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu na kila mwaka inaua watu usingizini.

Kuhusu taka. Acheni kuchoma plastiki uani, hata kama gari halijaja wiki mbili. Moshi wa plastiki wanaovuta ni watoto wenu, si hewa ya dunia. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani Dar, zaidi ya nusu ya uzito, ni maganda na mabaki: ndizi, mihogo, viazi, ugali wa jana. Hizo zikifukiwa pamoja na takataka nyingine kule dampo la Pugu Kinyamwezi, zinaoza bila hewa na kutoa methani, ambayo kwa miaka 20 ya mwanzo inapasha joto zaidi ya mara 80 ya uzito uleule wa hewa ukaa. Ndiyo maana kutenga maganda kuna faida kuliko kutenga chupa. Chupa na makopo zina wenyewe. Kijana wa kuokota atazichukua na kilo atauza. Maganda tenga kiroba chako. Mfugaji wa mbuzi hakosekani jirani, na asipokuwepo, ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au maranda, inatoa mboji. Ikinuka, umezidisha maganda, ongeza makavu. Ukishatoa maganda, kiroba kinachobaki ni kikavu, hakinuki, na kinaweza kumsubiri mwenye gari bila kuchomwa.

Ukisimama na taka Tabata, umesimama kwenye sehemu yenye historia, na hapa ndipo ninapomjibu shemeji. Kituo cha Dampo anakijua, huenda anashuka hapo kila siku. Jiji lilikuwa likimwaga na kuchoma taka Tabata, katikati ya makazi ya watu. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji. Mahakama Kuu iliamuru Jiji liache. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na mwaka 1991 Mahakama ikakataa, ikaegemea haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba: mamlaka ya umma haina haki ya kuhatarisha uhai wa wananchi kwa moshi na uvundo. Katika sheria za mazingira kesi hiyo inasomwa mpaka leo, na walioianzisha walikuwa watu wa Tabata waliochoka kukohoa.

Lakini isikilize mpaka mwisho. Jiji lilipofungiwa Tabata, lilipeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa ulipoondokana nazo, taka zikamfuata mwingine. Ndiyo sababu sikubali ile hoja ya kwamba ni wewe au Serikali: wale wa Tabata waliilazimisha Serikali ifanye kitu, na bado maganda yaliyotoka majumbani hayakupungua hata ndoo moja.

Sasa, Serikali imefanya nini kwa haya ya tabianchi? Si haba, na si yote yamekaa vizuri. Tanzania iliahidi kwa dunia kupunguza gesi hizi kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na zitakavyokuwa tusipofanya lolote. Ahadi yenyewe inategemea sana fedha kutoka nje. Wakati huohuo nchi imeingia kwenye bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga. Kila upande una hoja zake, na mimi nakiri sijawahi kusikia maelezo yanayoviunganisha viwili hivyo yakaniridhisha.

Kwenye kupikia, tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo zuri na tumeshajifunza njia isiyofaa ya kulifikia. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku kwa tangazo. Bei ikapaa, watu wa chini wakaumia, marufuku yakaondolewa baada ya muda mfupi na malori yakaendelea. Mifuko ya plastiki iliondoka kwa sababu siku ileile mbadala ulikuwa dukani kwa bei ya kueleweka. Mkaa utaondoka hivyohivyo au hautaondoka. Kwa hiyo anayeudai mkakati huu utekelezwe asidai polisi wa kukamata magunia Kibaha. Adai bei ya uniti, mkopo wa jiko, na mita.

Kuna agizo lingine unaloweza kulifuatilia wewe mwenyewe kesho. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Shule wanakosoma wanao inapika uji kwa nini? Ulizia kwenye kikao cha wazazi. Ukiambiwa ni kuni, usigombe, uliza bajeti ya kubadilisha iko wapi na imeombwa kwa nani, na taka jibu liandikwe kwenye muhtasari. Sufuria moja la shule linakula kuni kuliko koridoni kwenu nyote.

Halafu mafuriko, ambayo ndiyo yaliyokufikisha kwenye swali hili. Hapo hata ukiacha mkaa leo, masika ijayo haitakujua. Joto lililokwishaingia baharini na angani lina mvua zake, na kazi iliyobaki ni kuzihimili, na kuhimili kwa asilimia kubwa ni kazi ya umma. Msimbazi unapita karibu na kwenu kuelekea Kigogo, Jangwani hadi Selander. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar, na baadhi ya waliokuwa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, ilikuwa imejengwa palepale Jangwani, na kila masika mabasi yakawa yanatolewa mbio. Kosa la aina hiyo halihusiani na Wazungu. Sasa kuna mradi wa bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye daraja jipya Jangwani na fidia kwa wanaohama. Ninyi wa juu mnaathirika kwa namna nyingine: mvua inayoshuka kutoka mitaa iliyosakafiwa kila pembe, ikikuta mtaro umejaa mchanga na viroba.

Kwa mtaro wa Kimanga usiandike barua Umoja wa Mataifa. Mwenyekiti wa mtaa alichaguliwa Novemba 2024. Nenda kwenye mkutano mkuu wa mtaa, peleka picha ya mtaro kabla na baada ya mvua, uliza kampuni au kikundi kinacholipwa ada ya taka kimepewa mkataba wa kupita mara ngapi kwa wiki. Mkataba upo, na ukitajwa mbele ya watu gari huanza kuonekana. Tena kama kina mama wa mtaa mnaweza kujipanga, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na kikundi cha kukusanya taka kinaomba kama kinavyoomba cha batiki. Hao wanaopita na mkokoteni wakimwaga mtoni gizani, wengi hawana mahali pengine palipoandaliwa pa kumwaga. Hilo nalo ni swali la kumuuliza diwani.

Na nchi tajiri? Shemeji aendelee kuzidai, ana haki. Mfuko wa kufidia hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na ukaanza kuahidiwa fedha Dubai mwaka 2023, baada ya nchi kama zetu kulisukuma suala hilo miaka mingi. Fedha zilizoahidiwa ni kidogo mno kulinganisha na mahitaji. Lakini hata zikija nyingi, zitapitia wizarani, halmashauri, kata, mpaka mtaroni, na anayeweza kuona kama zimefika ni mkazi wa Kimanga.

Mwisho, mti. Panda, ila kwa sababu sahihi. Mkaa wako wa wiki chache tu unatoa hewa ukaa kuliko mti mchanga utakayoinyonya mwaka mzima, kwa hiyo mti hautafuta jiko. Utakachopata ni kivuli, na chini ya bati la Tabata mwezi wa Februari kivuli ni afya. Uweke upande wa magharibi ili ukinge jua la alasiri, mbali na ukuta na shimo la choo kwa mita kadhaa, maana mizizi ya mwembe na mwarobaini haina adabu. Zungumza na mwenye nyumba kwanza. Akikataa mti mkubwa kwa kuogopa msingi wake, panda mpapai: hauna mizizi ya kubomoa, ndani ya mwaka hivi unakula, na ukihama nyumba hujaacha mali nyingi.